Kumbukumbu za Sayyida Salme: Nani Aliyempepea Bibi?

Wengi wetu tulio mbali na Unguja tumekipokea kitabu cha Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, kama albamu ya ukoo. Tunakifungua kuitafuta Mtoni, na tunaipata: hamamu, tausi na paa uani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi vikisikika katika jumba moja la Sayyid Said bin Sultan.

Si makosa kukipenda. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886, wakati ambapo mengi yaliyoandikwa juu ya Unguja yalitoka kwa makonsuli na wasafiri wanaume, wasioruhusiwa kuvuka mlango wa ndani. Salme anaipanga siku ya nyumba kwa sala tano, akieleza yanayofanyika kati ya sala na sala. Anasimulia alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani wasichana walisomeshwa kusoma tu. Hayo hakuna konsuli angeyajua.

Tatizo ni sura ya utumwa. Anashikilia kuwa utumwa wa kwetu haukufanana na ule wa Marekani, na anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuufuta. Sura hii hunukuliwa sana barazani kwetu kama hoja ya kufungia mjadala. Pengine upole aliousimulia aliuona kweli. Lakini aliuona akiwa ndiye anayehudumiwa. Bibi analala, mjakazi mmoja akimkanda, mwingine akimpepea. Tunaambiwa usingizi wa bibi ulikujaje; mjakazi alilala saa ngapi, hatuambiwi. Wengi wao wanapita kitabuni bila hata jina.

Jibu limo humo humo, kurasa za mwanzo. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa mtoto wa mkulima wa Kicherkesi. Wavamizi waliwaua wazazi wake, wakamtenganisha na nduguze, naye akafika kwa Sayyid Said akiwa mdogo hata jino lake la kwanza la utoto likang'okea huko. Salme ayaandika haya kwa uchungu wa mtoto kwa mamaye. Uchungu huo haufiki kwa mtoto aliyetekwa bara na kuvushwa bahari kwa jahazi, ingawa kisa ni kimoja. Hapo sura ya mama inaivunja sura ya utumwa, bila mwandishi kukusudia.

Tusikitupe kitabu. Tuwasomeshe watoto wetu sura hizo mbili kwa pamoja. Katika nasaba nyingi tulizozihifadhi, majina ya baba yamepangwa hadi kizazi cha kumi, na pahala pa mama, aliyekuwa suria, pako wazi. Kuuliza alitoka wapi si kuwavunjia wazee heshima. Naye ni mzee wetu.