Huyu Alipita Hapa Lini?

Juzi nikiwa Ukunda, nikisubiri mahamri na mbaazi, nilifungua programu ya akili unde kwenye simu nikaiambia: niandikie habari ya gazeti kutoka Msambweni. Sekunde chache tu, ikaja. Sarufi safi, aya zimepangwa vizuri. Ndani yake kuna mchanga mweupe, utalii unaokua na “wakazi walioeleza furaha yao”. Wakazi gani? Hawana majina. Na mchanga wenyewe ni ule wa Diani, wa matangazo ya hoteli.

Nikamsomea mama muuza mahamri. Akaniuliza, “Mwanangu, huyu alipita hapa lini?”

Uhakiki wangu wote ni swali hilo. Mashine inajua kilichokwisha kuandikwa, na Kwale iliyoandikwa sana ni ya wageni. Mnawakumbuka Wamakonde? Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakapata wajukuu, na bado hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 walitoka Kwale wakatembea hadi Nairobi kudai uraia, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Sasa mtu ambaye hata serikali haijamwandika, mashine ingemjulia wapi? Wakenya walimjua kwa sababu alitembea, na waandishi wa habari wakamfuata wakamuuliza.

Sisemi magazeti yaikatae akili unde. Kuandika mahojiano ya saa mbili kutoka kwa rekoda ni kazi ya kuumiza mgongo; mashine ikisaidia, sawa. Lakini muda uliookolewa unaenda wapi? Unamrudisha mwandishi nyanjani, au unamwondoa kazini? Mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari hujitolea nauli ya matatu hadi Lunga Lunga. Mhariri akishazoea makala ya bure, nani atamtuma tena?

Mei 2025, gazeti la Chicago Sun-Times huko Marekani lilichapisha orodha ya vitabu vya kusoma likizoni. Vingi havikuwepo duniani. Vilitungwa na mashine. Hata Isabel Allende alipewa riwaya ambayo hajawahi kuandika. Wasomaji wakashtuka, manake Allende ana jina na vitabu vyake vinajulikana. Je, mvuvi wa Msambweni akitiwa maneno mdomoni, nani atashtuka? Yeye mwenyewe huenda hata asiione habari hiyo.

Kwa hiyo gazeti likiniandikia tu chini ya habari kwamba akili unde imetumika, halijanijibu. Mimi nataka nijue ni nani alikwenda, alikwenda lini, na aliongea na nani. Likikosa wa kumtaja, basi lisiniambie hiyo ni habari kutoka Kwale.