Mwanamke Kama Dau: Mapenzi na Umiliki katika Thousand Pieces of Gold

Riwaya ya Ruthanne Lum McCunn, Thousand Pieces of Gold (1981), husomwa aghalabu kama hadithi ya mapenzi kati ya mwanamke Mchina na Mzungu katika machimbo ya dhahabu ya Idaho, Marekani. Usomaji huo si wa makosa, ila unaliruka swali linaloibeba riwaya nzima: je, mtu aliyepatikana kwa mchezo wa karata aweza kumpenda aliyempata, na msomaji akasadiki kwamba hayo ni mapenzi wala si shukrani ya mtumwa?

Mhusika mkuu, Lalu Nathoy, ni mtu wa kihistoria. Alizaliwa kaskazini mwa Uchina mwaka 1853, akauzwa, akafikishwa Idaho mwaka 1872 na kubandikwa jina la Polly. Katika riwaya, babake humwita kwa jina la mapenzi ambalo Wachina huwapa binti zao, vipande elfu vya dhahabu. Baba huyo huyo, njaa ikiwa imemkaba, anaokota mifuko miwili ya mbegu aliyotupiwa na majambazi na kumwacha binti achukuliwe. Kinaya hiki kinatawala yote yanayofuata. Tangu hapo kila thamani anayopewa Lalu ni bei: mnadani San Francisco, kwa Hong King mwenye kilabu cha pombe, na hatimaye mezani, anapowekwa dau na Charlie Bemis akamshinda.

Hapa ndipo historia na ubunifu vinapokwaruzana. Kisa cha karata kimetokana na masimulizi ya mitaani. Priscilla Wegars, katika wasifu wa Polly aliouchapisha mwaka 2020, hakioni kuwa na ushahidi. Yaweza kudaiwa, basi, kwamba McCunn amekihuisha kisa kinachomdhalilisha mwanamke yule yule aliyekusudia kumrudishia heshima. Dai hilo lina uzito, lakini linapuuza nafasi ya usimulizi. Masimulizi ya mitaani huutazama mchezo kwa macho ya wachezaji. McCunn, kwa nafsi ya tatu inayokaa ndani ya fahamu za Lalu, anautazama kwa macho ya dau lenyewe, na ushindi wa Charlie unapoteza utamu wake.

Kwa hiyo uhuru hauletwi na karata. Polly hakimbilii ndoa. Anafanya kazi, anafua nguo na kuendesha nyumba ya kupangisha wageni. Mwaka 1890 Charlie anapigwa risasi usoni, naye Polly anamuuguza hadi anapona. Tukio hili la kihistoria lina kazi kubwa katika msuko: deni linalipwa, na ndoa ya 1894 inafungwa kati ya watu wasiodaiana. Wala si ndoa ya mahaba matupu. Sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua Wachina, na ile ya 1892 iliwadai waliokwisha kuingia cheti cha ukaazi, la sivyo wafukuzwe nchini. Polly alipata chake mwaka 1896. Hofu ya serikali na mapenzi yanaishi nyumba moja.

Udhaifu wa riwaya uko kwa Wachina wengine. Sensa ya 1870 iliwahesabu kuwa zaidi ya robo ya wakazi wa Idaho, lakini umati huo unafifia, wakabaki hasa wanaume wawili: Hong King, mwovu asiye na upande wa pili, na Jim, mwendesha msafara wa nyumbu, mwema ambaye hadithi inamwondoa mapema mno. Mwanamume Mchina ama ni katili ama hayupo, na njia ya Charlie inafagiliwa. Inashangaza kuukuta usawiri wa namna hii kwa mwandishi ambaye mama yake ni Mchina na aliyelelewa Hong Kong.

Filamu ya 1991 iliishia penye mapenzi. Riwaya inasonga mbele hadi uzeeni, na hapo inaizidi filamu kwa mbali. Nyumba iliteketea na Charlie akafariki mwaka huo huo wa 1922. Polly akapatana na majirani wawili Wazungu: wao wamjengee na kumtunza, naye akifa shamba la kando ya Mto Salmon liwe lao. Nayo ni biashara, lakini safari hii mwenye kuweka masharti ni Polly mwenyewe.