"Tekeleza" si Dawa ya Kila "Execute"

Mkataba mmoja wa mkopo uliletwa mezani petu ili tuuhakiki. Ulikuwa umefasiriwa kutoka Kiingereza, na kwa jumla lugha yake ilikuwa safi. Lakini katika ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya mahali pa saini, paliandikwa: "Mkopaji ametekeleza mkataba huu leo." Kwa Kiswahili cha kila mtu, aliyetekeleza mkataba amekwisha kutimiza yote aliyoahidi. Basi mkopaji huyu, ambaye hata senti moja alikuwa hajapokea, sembuse kulipa, alikwisha kuandikiwa kwamba hadaiwi.

Kosa hili latokana na kitenzi cha Kiingereza "execute", ambacho wafasiri wengi wamezoea kukipa neno moja tu, "tekeleza". Asili yake ni Kilatini, kwa maana ya kufuata jambo hadi mwisho wake. Kikitajwa kuhusu hati, wanasheria wa Kiingereza hukusudia kuikamilisha hati hiyo kwa taratibu zinazoipa nguvu: saini, pengine shahidi, pengine muhuri. Sheria ya Stampu ya India ya mwaka 1899 ilieleza waziwazi kwamba, kwa upande wa hati, maana yake ni kutia saini. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1989, ilimwondolea mtu binafsi sharti la muhuri, ikabakiza saini mbele ya shahidi na kuikabidhi hati. Cha ajabu ni kwamba wanasheria haohao hukitumia kitenzi hicho pia kwa mkataba ambao pande zote zimekwisha kuutimiza. Mwingereza hupambanua kwa muktadha. Mfasiri asiyepambanua humtia mtu hasarani.

Kwa hati, basi, twapendekeza maneno ambayo waandishi wa hati wameyazoea: "imetiwa saini na kukabidhiwa", na pale panapotakiwa shahidi, atajwe. Maneno ni mengi kuliko kitenzi kimoja, lakini hayamdanganyi mtu.

Mahakamani jambo hili lina utamu zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, ya mwaka 1966, ina Amri ya 21 inayohusu namna mshindi anavyoweza kupata haki yake kwa nguvu ya mahakama. Kwa hilo mahakama zetu zina istilahi "kukaza hukumu". Hatujui istilahi iliyo bora kuliko hii. Hukumu isiyokazwa ni kama kamba iliyolegea: ipo, lakini haifungi kitu. Hata hivyo twaona baadhi ya wafasiri wakiiacha na kuandika "utekelezaji wa hukumu", ati ndiyo lugha rasmi zaidi. Wanapoteza tofauti muhimu. Mdaiwa anayelipa kwa hiari yake ameitekeleza hukumu. Asipolipa, mdai huomba ikazwe, na dalali wa mahakama huingia kazini.  Kwa nini sisi tuliojaliwa tofauti hiyo tuifute kwa mikono yetu?

Wako wanaotujibu kwamba kanuni ya istilahi yataka neno moja lipewe neno moja. Sivyo. Kanuni yataka dhana moja iwe na istilahi moja, na "execute" ni dhana nyingi zilizovaa kanzu moja. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, suala hili si la wapenda kamusi peke yao.

Kuhusu kuua kwa hukumu, kosa ni la upande mwingine. Hapa wengi hukimbilia "kunyonga", kwa kuwa sheria yetu ya adhabu hutaja kitanzi. Ndipo tunaposoma kwamba Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alinyongwa mwaka 1649, ilhali alikatwa kichwa. Kunyonga ni namna ya kuua. "Aliuawa kwa hukumu" yatosha pale namna isipojulikana. Anayetimiza wosia, kwa upande wake, ni wasii, neno kongwe ambalo halihitaji kupokewa na "mtekelezaji wa wosia". Na programu za kompyuta huendeshwa.

Mkataba ule tuliurudisha kwa mfasiri. Mahali pa saini sasa pasomeka: "Mkataba huu umetiwa saini na mkopaji na kukabidhiwa leo mbele ya shahidi." Neno "ametekeleza" tumelibakiza katika kifungu kimoja tu, kile kinachosema kwamba mkopaji atakapokuwa ametekeleza mkataba atarudishiwa hati ya nyumba yake.