Farasi Waliopotea Njiani

Mchanga wa njia ya kutoka Sandoa kwenda Musumba, kusini mwa Kongo, haumwonei mtu haya. Dereva aliyetamba kwenye lami ya Kolwezi hujikuta huku ameshuka hadi gia ya kwanza, motere inanguruma, magurudumu yanachimba tu. Wenye Land Cruiser mpya hulijua somo hili kwa bei ya mafuta. Wenye Land Rover za zamani, zile za silinda nne, hulijua kwa masikio: husikia ni silinda ipi imelala, nao huendelea hivyo hivyo, maana tatu zinatosha kufika.

Moja ya hizo nilimkuta nayo mzee fundi chini ya mwembe wake pale Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Boneti ilikuwa imeegemezwa ukutani, kilasi, yaani kichwa cha silinda, imevuliwa na kulazwa chali juu ya gunia safi. Mwenye gari, mchuuzi wa mahindi, alikuwa na ombi moja tu.

“Papa, uifanye ikuwe na nguvu sawa na Toyota.”

Mzee hakucheka wala hakukasirika. “Kwanza turudishe yake,” akamjibu. “Ya kuongeza inakuyaka nyuma.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae. Motere yenyewe ni ile ya lita 2.25 iliyoingia katika Land Rover mwaka 1958: sentimita za ujazo 2,286, nguvu za farasi 70 na ushei ilipokuwa mpya. Si nyingi, pikipiki kubwa za leo zinazo zaidi. Lakini Waingereza walipanga nguvu yake ya kuvuta ifikie kilele chini, kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika, mahali gari linapopanda mlima bila papara. Anayetaka mbio amekosea mlango. La kuuliza ni wangapi kati ya farasi wale 70 ambao bado wako nyumbani.

Wa kwanza huliwa na nchi yenyewe. Kolwezi iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na motere inayojivutia pumzi yenyewe hupoteza karibu moja ya saba ya nguvu zake kabla dereva hajakanyaga chochote. Wengine huliwa na valvu zisizokaa vyema kitini. Wengine huenda na kabureta ya Zenith, ambayo kifuniko chake hupinda kwa joto kikaanza kunyonya hewa ya wizi. Mzee hukinyoosha kwa kukisugua polepole juu ya kioo kilichotandikwa msasa laini. Chujio la hewa, lile la bakuli la mafuta, huwa limejaa uji wa vumbi jekundu. Na tapeti zote nane, ambazo kitabu chataka ziachiwe nafasi ya milimita 0.25, mafundi wa siku hizi huzikaza kwa kukisia, na motere hukosa usingizi.

Hewa nyepesi, hata hivyo, ina fadhila yake. Motere nyingi za zamani zilikuja na mgandamizo wa saba kwa moja, kwa kuwa petroli ya zama zile ilikuwa dhaifu na chuma kilipiga kelele ukizidisha. Huku juu, silinda haijazi hewa nyingi, kwa hiyo unaweza kupandisha hadi nane kwa moja bila kelele hizo, hata kwa esansi, yaani petroli, inayouzwa kwenye chupa na wachuuzi wa kando ya barabara waitwao Kadhafi. Nafasi iliyo juu ya kila pistoni hupungua kutoka sentimita za ujazo 95 hadi kama 82. Uso wa kilasi hukatwa kwa mashine, na mashine ya namna hiyo Musumba haipo. Chuma kile husafirishwa kwa lori hadi Kolwezi, kikiwa kimefungwa blanketi, kwa rafiki aliyefanya kazi na mzee zamani. Ni siku nyingi za kungoja kwa ajili ya farasi wachache. Mwenye mahindi alilalamika. Mimi pia ningelalamika, kama nisingeona kilichofuata.

Kilasi iliporudi, mzee alitoa kipande kinene cha kioo cha dirisha chenye tundu dogo. Akapaka grisi kuzunguka chumba cha silinda ya kwanza, akakibandika kioo juu yake na kukikandamiza kwa vidole vyote kumi. Kisha akachukua bomba la sindano la hospitali, akavuta mafuta ya taa, akayadondosha kupitia tundu lile. Mafuta yalitambaa chini ya kioo yakizunguka vichwa vya valvu. Kikabaki kipovu kimoja ukingoni. Mzee akainamisha kilasi kidogo tu, kipovu kikasogea, kikafika kwenye tundu, kikatoka. Hapo akasoma alama ya bomba na kuandika tarakimu kwa chaki kwenye mlango wa gari.

Akafanya hivyo kwa cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tatu kilimeza zaidi ya wenzake. Nilidhani atakishughulikia hicho. Hakukigusa. Alivigeukia vile vingine vitatu, akavila chuma kidogokidogo kwa tupa ya mviringo, anapima, anakula tena, anapima, mpaka tarakimu nne za chaki zikafanana. Mwanafunzi wake, kijana mwenye simu mbili, alisimama karibu akiwa amechoka waziwazi. “Mutoto,” mzee akamwambia bila kuinua macho, “ine zikivuta sawasawa, gari haitetemeke. Yenye inatetemeka inakulaka nguvu yake yenyewe.”

Nimesoma matangazo ya vifaa vya kuongeza nguvu: kabureta mbili, ekzosi pana, kamshafti ya mashindano. Vyote vina mahali pake. Lakini sijaona hata tangazo moja linalouza usawa.

Elimu hiyo haikuanguka kutoka mwembeni. Mzee ni wa Gécamines, kampuni iliyorithi mwaka 1967 migodi ya Union Minière ya Wabelgiji. Katika karakana zake mwanagenzi alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akifanye mraba, na kikikataliwa alipewa kingine. Miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Yaliyofuata kila mtu wa Kolwezi anayajua nyumbani kwake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa bahasha. Wengi walibaki mjini. Wachache, kama huyu, walirudi kwao na sanduku la vifaa, na hivyo vijiji vya Walunda vikapata mafundi ambao nchi nyingine zingewajengea chuo.

Simlaumu kijana mwenye simu mbili. Kolwezi imejaa gari mpya za makampuni ya kobalti, na gari hizo hutibiwa kwa kuchomeka waya na kusoma namba kwenye kioo kidogo. Namba ikisema badilisha, hubadilishwa. Nimeona Land Rover ya rika hili ikiingizwa kwenye gereji moja mjini, ikatoka wiki iliyofuata na motere ya mazutu, yaani dizeli, ya gari jingine, fremu imekatwa na kushonwa upya. Nguvu ilikuwa mara mbili, na breki zilikuwa zilezile. Waliita hiyo kazi nzuri.

Jioni ile mzee aliikaza kilasi kwa mpangilio wa kitabu, kutoka katikati kwenda nje, akawasha motere. Ikawaka mara ya pili. Aliiacha ipate joto, ikapoa, akaikaza tena kesho yake, jambo ambalo gereji nyingi hulisahau kwa kuwa mteja keshalipa. Kwenye mchanga wa kutokea mjini gari lilipanda kwa gia ya pili likiwa na magunia ya mahindi nyuma. Si Toyota. Mwenye gari alikiri hivyo, akaongeza kwamba esansi imepungua, akalipa nusu na kuahidi nusu baada ya mavuno.

Mwanafunzi hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri na lori la Kolwezi, kwa binamu yake anayechimba kobalti kwa mikono. Huko hulipwa kwa gunia, siku hiyohiyo. Na mwana mkubwa wa mwenye mahindi, nilipokuwa naaga, alikuwa akimuuliza dereva mwingine bei ya motere kuukuu ya Toyota, na kama fremu ya baba yake itakubali kukatwa.