Wawili Wanaopumua

Mwalimu alikuwa na piano kuukuu, ile ya kuegemezwa ukutani, ambayo unyevu wa Dar es Salaam ulikuwa umeivimbisha mbao. Vibonyezo vitatu vya upande wa sauti nene vikishuka havikurudi mpaka uviinue kwa ukucha. Jioni ya kwanza aliketi mbele yake, akaweka vidole tayari, akanitazama. Nilisimama kando ya meza ya chakula, kijiti mkononi, nikashusha mkono. Hakupiga kitu. Nikashusha tena. Kimya. Mara ya tatu nikamuuliza kama nimekosea mahali.

"Mkono umeshuka, nimeuona," akasema. "Lakini umeshuka kutoka wapi, mwanangu? Mimi niingie lini?"

Swali hilo lilinichukua miezi minne.

Nilikwenda kwake nikiwa tayari nimefundisha kwaya kwa miaka 11. Nilijua kugawa sauti nne kutoka kwenye solfa zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, nilijua kutoa do bila kinanda, na nilijua kuinua mikono mbele ya waimbaji arobaini wakaanza pamoja. Nilidhani kuongoza okestra ni hayo hayo, ila watu wameshika vyombo. Yeye alisomea kazi hiyo Ujerumani enzi za ujana wake, akaongoza kwaya na okestra huku na huko maisha yake yote, na sasa alikuwa mzee anayepokea mwanafunzi mmoja kwa wakati. Neno kondakta kwetu ni la daladala, kwa hiyo mtu anayeongoza okestra nitamwita mwongozaji.

Mpiga fidla akikosea, fidla yenyewe humwambia palepale. Mwongozaji akikosea, kosa lake husikika kwenye chombo cha mtu mwingine. Hapo ndipo palipo na ugumu wa kazi hii, na ndipo palipo na hatari yake, kwa sababu unaweza kuishi miaka mingi ukiwalaumu wapigaji kwa jambo lililotoka kwenye kiwiko chako. Huwezi kujifunza peke yako mbele ya kioo. Kioo hakisubiri kuambiwa kiingie lini.

Kazi yenyewe si ya kale sana kwa sura tunayoijua leo. Mwaka 1687 huko Paris, Lully, mtunzi wa mfalme Louis XIV, alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo nzito ili kuwatunzia wanamuziki mapigo, akajigonga mguu, jeraha likaoza, likamuua. Kijiti chepesi kilienea katika karne ya 19, okestra zilipokua na nyimbo zikawa ngumu kiasi kwamba mpiga kinanda au fidla wa kwanza hakuweza tena kuwashika wenzake kwa kutikisa kichwa.

Mwalimu alinipa kitabu kimoja, Simfonia ya 5 ya Beethoven, na katika kitabu hicho ukurasa mmoja. Simfonia hiyo ilisikika hadharani mara ya kwanza Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, katika onyesho lililochukua kama saa nne ndani ya ukumbi wenye baridi kali. Mwanzo wake wanaujua hata wasiolijua jina la mtunzi. Msomaji aliyepita kwenye kwaya anaweza kuuimba sasa hivi: mi mi mi do, tatu fupi za sauti moja na ya nne ndefu iliyo chini yao. Kisha re re re ti, ile ti ya chini.

Lakini simfonia hiyo haianzi na mi. Kipimo cha kwanza kina nafasi nne, na nafasi ya kwanza ni tupu. Beethoven ameweka hapo alama ya kunyamaza, na sauti tatu fupi zinafuata baada yake. Mwaka 1817 alitangaza kasi aliyoitaka: vipimo 108 kwa dakika. Piga hesabu. Kipimo kizima kinakwisha katika muda unaozidi nusu sekunde kwa kiasi kidogo sana, na ule ukimya wa mwanzo ni kama sehemu ya saba ya sekunde. Mkono wa mwongozaji unapogonga chini, unagonga pasipo na sauti, na wanamuziki wote wanatakiwa kuruka kwa pamoja kutoka kwenye shimo hilo. Kama hawakuijua kasi kabla mkono haujafika chini, wamechelewa. Hakuna wa kumwangalia wala wa kumsikiliza, kwa maana bado hakuna aliyeanza.

Kwa hiyo kila kitu kimo katika kule kuinua mkono. Unavyouinua polepole au haraka, kwa uzito au kwa wepesi, ndivyo unavyowaambia kasi, nguvu na tabia ya sauti itakayokuja. Mkono ukishuka, taarifa imekwisha kutolewa. Mimi nilikuwa nauinua mkono kama mtu anayeondoa kitu njiani, kisha nausukuma chini kwa nguvu zangu zote.

"Umewahi kutwanga kwa zamu?" Mwalimu akaniuliza.

Nimewahi. Kwa bibi yangu tulitwanga wawili kwenye kinu kimoja, mchi wake na mchi wangu, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Mtoto anayejifunza huangalia mchi wa mwenzake unavyotua, naye hugonganisha. Bibi alinifundisha kuangalia unavyopanda, kwa sababu mchi ukipanda umeshasema utatua lini. Nilipomweleza Mwalimu hivyo alifunga kifuniko cha piano. Tukasimama kila mmoja upande wake wa meza, mikono mitupu, tukatwanga hewa mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni kuona kinachoendelea.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuondoa vitu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unauiga wa kulia kama kivuli, akaupa kikombe cha chai ya rangi kilichojaa nusu niushikilie huku wa kulia ukifanya kazi. Chai ikimwagika, tunaanza upya. Aliniondolea pia kuimba. Walimu wa kwaya wengi huimba pamoja na kwaya zao, nami nilikuwa mmoja wao. Ubeti mzima mdomo wangu uko wazi, nikiisaidia sauti ya pili inapolegea. "Ukiimba unajisikia wewe," aliniambia. Jumapili iliyofuata nilifunga mdomo kanisani, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba sauti ya tatu walikuwa wakishuka kidogo kila walipofika mwisho wa mstari. Wamekuwa wakishuka kwa miaka. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa inawafunika.

Hata hivyo bado hakupiga. Nikiinua vizuri, alibonyeza sauti mbili tatu zikiwa zimetapakaa, akasimama, akatikisa kichwa. Ndipo jioni moja akageuka kwenye kiti.

"Kitendawili."

"Tega."

"Jeshi zima linaingia kwa pamoja, wawili tu ndio wanaovuta pumzi."

Nikataja fidla wawili wa mbele. Hapana. Nikataja tarumbeta, akaniambia nitazame ukurasa kama tarumbeta zimo. Nikashindwa, nikampa mji, nikampa Bagamoyo yote. Akaukataa. "Rudi nyumbani na kitabu."

Usiku huo nikausoma ukurasa mstari kwa mstari, kutoka juu, kitu ambacho kwa kweli sikuwahi kukifanya. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanzo ule ni wa vyombo vya nyuzi, nikateremka moja kwa moja kwa fidla, viola, selo na besi kubwa, nikaridhika. Filimbi: vimya. Obo: vimya. Zumari nene za basuni: vimya. Pembe na tarumbeta: vimya. Katikati yao, kwenye mstari niliokuwa nikiuruka kila siku, klarineti mbili zinaingia pamoja na nyuzi zote, sauti zile zile, nguvu ile ile. Macho yangu yalikuwa yakizikimbia kwa sababu zimeandikwa ngazi moja juu ya wenzao. Klarineti ya aina ile hutoa sauti iliyo chini ya nota iliyoandikwa, na mimi sikutaka kujisumbua kuzihamisha kichwani.

Upinde wa fidla unaweza kulala juu ya waya na kuondoka wakati wowote. Mpiga klarineti hawezi. Lazima avute hewa, afunge midomo kwenye mwanzi, aibane hewa ile kifuani, ndipo aiachie. Anahitaji muda, na muda huo ni mimi niliye nao mkononi. Nisipompa, atachelewa au chombo kitapiga kelele kama bata. Nikivuta pumzi pamoja naye kwa kasi ya kipimo kitakachofuata, mwili wangu wote unainuka kwa kasi hiyo hiyo, na nyuzi zinauona. Kwaya haijawahi kuanza bila pumzi. Hilo nililijua kwa miaka 11, kisha nikapewa kijiti nikalisahau.

Kesho yake nilivuta pumzi, na Mwalimu akapiga. Mi mi mi do, kwenye piano ile mbovu. Kibonyezo kimoja kati ya vile vitatu kikabaki chini, naye akakiacha.

Nimefikiria sana kwa nini alingoja miezi yote hiyo. Ziko namna nyingi za kufundisha ufundi huu. Ilya Musin, aliyezaliwa 1904, alianza kufundisha kwenye konsevatori ya Leningrad mwaka 1932 na akaendelea hadi karibu na kifo chake mwaka 1999. Mwanafunzi wake aliongoza wapiga piano wawili waliokaa mahali pa okestra nzima, na Musin alitaka mikono iufanye muziki uonekane. Kutoka chumba hicho walitoka Temirkanov, Bychkov na Gergiev. Helsinki, katika Chuo cha Sibelius, Jorma Panula aliwasimamisha wanafunzi mbele ya okestra ya darasa, akawarekodi kwa kamera, kisha wakaketi kujitazama. Salonen, Saraste na Oramo walipitia kwake. Mwalimu wangu aliwataja watu hao kwa heshima, kama mtu anavyowataja mafundi wa mji mwingine. Yeye hakuwa na okestra wala kamera. Alichokuwa nacho ni ujasiri wa kukaa na vidole vyake juu ya piano na kukataa kupiga.

Ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Mwanamuziki mzuri akiona mkono usioeleweka huwa anakisia. Anaangalia wenzake, anasikiliza jirani yake, anaingia, na mwongozaji anashuka jukwaani akidhani ni kazi yake. Waimbaji wangu walikuwa wakinisamehe kila Jumapili. Walinipenda, walinizoea, wakaanza vizuri licha ya mkono wangu. Mwalimu pia angeweza kukisia, tena vizuri kuliko wote, kwa kuwa ameiongoza simfonia hiyo mara nyingi. Alijinyima hilo kwa ajili yangu, jioni baada ya jioni, na sikumbuki zawadi kubwa kuliko hiyo niliyopewa na mtu nisiye na undugu naye.

Mwishoni mwa mwaka aliniombea nusu saa mbele ya vijana wa okestra moja jijini Nairobi. Nilikwenda kwa basi, kitabu kikiwa mapajani, nikihesabu vipimo mpaka mpakani Namanga. Vijana walikuwa kama hamsini. Nilipanda kwenye kile kijukwaa, nikaona fidla zote zimenikodolea macho kutoka karibu, nikaogopa, nikaziangalia hizo hizo. Nikashusha mkono. Sauti zikadondoka moja moja, kama mahindi yanayopukuchuliwa kwenye sufuria.

Nikawaomba radhi. Nikatafuta kwa macho juu ya vichwa vya viola mpaka nikawaona: binti wa miaka kama kumi na sita na kijana mwembamba kando yake, klarineti magotini, wakizipandisha kinywani. Nikawatazama wao. Nikavuta hewa kwa pua, mkono ukapanda nayo, nikaona mabega ya yule binti yakipanda pia, na kabla mkono haujafika chini nilikwisha kujua.

Siwezi kuieleza sauti hiyo kwa mtu ambaye hajasimama mahali pale. Inakuja kidogo baada ya mkono, kutoka pande zote, na inakugonga kifuani kabla ya masikioni. Ile do ndefu ikakaa. Beethoven ameweka juu yake alama ya kushikilia, maana yake muda wake uko mikononi mwa mwongozaji, na nyinde zilikuwa zikitembea kuelekea nchani. Nikainua tena, kuikata na kuwaalika kwa mwendo mmoja, wakaingia kwenye re re re ti.

Wakati wa mapumziko yule binti alikuwa akipitisha kitambaa ndani ya klarineti yake kukausha mate. Nikamshukuru. "Ile mara ya kwanza, Mwalimu, sikupata pa kuvuta," akaniambia, bila lawama, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

Jioni nikampigia simu mzee wangu Dar es Salaam, nikamweleza yote, mahindi kwenye sufuria, mabega ya binti, sauti ilivyokuja. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kuhusu ile ti ndefu, ile ya pili, ambayo Beethoven ameiongezea kipimo kizima zaidi ya ya kwanza. Niliishikilia zaidi?

Nikamwambia hapana. Zilikuwa sawa.

"Basi njoo Jumanne," akasema. "Tutaanzia kipimo cha nne."