Hartland: paa lililochelewa miaka 20

Kulijenga daraja la Hartland bila paa kulikuwa kosa la wazi, na picha zake nzuri za leo zisitufumbe macho. Mita 391 za mbao juu ya mto Saint John, huko New Brunswick, Kanada, zilifunguliwa Julai 1901 zikiwa wazi kama nyumba ambayo fundi ameikimbia kabla ya kuezeka. Hesabu za kenchi zinazolibeba, za aina ya Howe, zilikuwa safi. Sina neno nazo.

Shida ni maji. Katika kenchi ya Howe, mbao za mshazari hubanwa, nondo za wima huvutwa, na mzigo wote hukutana kwenye maungio. Mvua nayo hujificha hapohapo. Ncha ya boriti hunywa maji, haikauki kwa kuwa imebanwa, na kuoza huanzia ndani, jicho la mkaguzi lisipofika. Paa na kuta zipo ili zichakae kwa niaba ya boriti: ubao wa ukuta hubadilishwa kwa bei ndogo, lakini boriti ikioza umepoteza daraja. (Na wale wanaoshikilia kwamba paa liliwekwa ili farasi wasiogope mto, nimechoka nao.) Mafundi wakubwa waliijua kazi hii ya paa zamani. Hans Ulrich Grubenmann alilifunika daraja la Schaffhausen, Uswisi, katika miaka ya 1750. La Timothy Palmer kule Philadelphia liliezekwa mwaka 1805. Nicholas Powers akalirusha la Blenheim, New York, mwaka 1855, zaidi ya mita 60 bila nguzo katikati, na chini ya paa lake likadumu hadi mafuriko ya dhoruba ya Irene, 2011. Msomaji wa mtaa wa Kinanira, hapa Bujumbura, anayeujua mto Muha ataniambia adui wa madaraja yetu hatoki juu. Ni kweli, huku hutokea chini: mchanga na mawe huchotwa mtoni, mto huzama, msingi hubaki uchi. Basi paa letu ni gabioni, yaani kizimba cha waya kilichojazwa mawe, na iwekwe kwenye mkataba wa kwanza, si baada ya ukingo kuondoka.

Watetezi wa Hartland hutaja fedha: lilikuwa daraja la kampuni ya wenyeji, likiishi kwa ushuru wa wapitaji. Lakini serikali ililinunua mwaka 1906 na kufuta ushuru, na bado paa halikuja. Hutaja pia barafu, maana ndiyo iliyoangusha spani mbili mwaka 1920, wala si mvua. Nakubali, barafu ni kazi ya nguzo, na zile za awali zilikuwa magogo ya mwerezi yaliyojazwa mawe. Ila tazama walivyojenga upya: waliweka nguzo za zege, kisha wakaezeka daraja zima, ingawa walikuwapo waliolalamika kwamba giza la ndani litaharibu vijana. Mtu aliyekwisha kuingia gharama ya zege haongezi mita 391 za paa kwa ajili ya pambo.