Insha Mbele ya Wenyeji

Anayeandika kuhusu mahali huandika peke yake, lakini kazi yake hupimwa na wanaoishi pale. Ndiyo maana nazithamini sana jioni za waandishi kama ile niliyohudhuria Cleveland, jimbo la Ohio, kusikiliza insha kutoka mkusanyiko wa eneo lile la viwanda vya chuma.

Cleveland imesimuliwa mno na wapita njia. Juni 1969 mafuta na taka zilizoelea juu ya mto Cuyahoga zilishika moto, na mji ukageuzwa kichekesho cha nchi nzima. Viwanda vilipofungwa, wakaja wapiga picha za magofu. Mwaka 2012, Richey Piiparinen na Anne Trubek walikusanya sauti za wakazi wenyewe katika kitabu Rust Belt Chic. Mwaka uliofuata Trubek akaanzisha Belt Publishing, iliyoendelea na mikusanyiko ya Detroit, Flint na kwingineko.

Jioni ile alisimama mama mmoja. Karatasi zake zilijaa penseli: sentensi zilizokatwa, vistari vya kumkumbusha avute pumzi. Mto uliowaka hakuutaja kabisa. Alisimulia baba yake akirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, akivua viatu barazani ili vumbi jekundu la kiwandani lisiingie ndani. Watu wakatikisa vichwa, maana viatu vile waliviona kwao. Wakati wa maswali, mzee wa mstari wa mbele alimwambia kwamba duka alilolitaja lilikuwa upande wa pili wa barabara. Mama akachukua penseli, akaandika pambizoni, akamshukuru. Huo ndio ufundi ninaousifu: jicho linaloona kiatu, na unyenyekevu wa kupokea sahihisho hadharani.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1935, ajira zilipoadimika, serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani iliwaajiri waandishi waandike vitabu vya mwongozo vya kila jimbo. Zora Neale Hurston alifanya kazi hiyo kwao Florida. Kwa kuvutiwa na vitabu hivyo, Matt Weiland na Sean Wilsey walitoa State by State mwaka 2008, waandishi 50 kwa majimbo 50. Rhode Island iliandikwa na Jhumpa Lahiri, mzaliwa wa London mwenye wazazi Wabengali, aliyekulia katika jimbo hilo. Kwangu mimi wahariri wale walifanya uamuzi wa busara: uenyeji hupatikana kwa kukaa na kutazama, na mtoto wa wahamiaji hutazama kwa makini kuliko wengi.

Basi wahariri wanaotayarisha insha za mahali, popote walipo, nawaomba wazizindue kwanza palepale zilipoandikiwa. Hotuba za wageni rasmi zifupishwe, wenyeji wapewe kipaza sauti.